Bango la Garam kwenye Lango la Soko

Siku redio ilipotangaza kwamba tufani inakuja, watu wote wa soko la Samgye walikimbilia kamba na misumari. Wauza mboga walifunga maturubai. Muuza samaki alipandisha mawe juu ya bati lake. Kinyozi alibandika utepe wa gundi kwenye kioo chake, huku na huku, mpaka kikafanana na uso wa mtu aliyegombana na paka. Mtu mmoja tu alikuwa akiiombea tufani hiyo ije na nguvu zake zote. Huyo alikuwa Pyo Garam, kijana wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa pekee wa Mama Garam wa kinu.

Alisimama kwenye dirisha la ghorofani, juu ya mashine za kusaga pilipili, akatazama lango la soko. Hapo, kati ya nguzo mbili za taa, lilining'inia bango la kitambaa cheupe, refu kuliko lori, lenye maandishi ya buluu ambayo hata mtu aliye ng'ambo ya mto angeyasoma: HONGERA PYO GARAM, MTOTO WETU WA KINU, KWA KUPATA KAZI SHIRIKA LA MAJI! Na chini yake kwa herufi ndogo: Kutoka kwa wafanyabiashara wote wa soko la Samgye.

"Lichukue," Garam aliuambia upepo kimoyomoyo. "Lichukue ulipeleke baharini, lisionekane tena."

Kwa sababu kazi hiyo hakuipata.

Sasa mtu atauliza, inakuwaje bango litundikwe kabla kazi haijapatikana? Hata wenyeji walikuja kuulizana hivyo baadaye, na jibu lake halikuwa refu. Lilianzia kinuni, asubuhi moja ya joto, Garam akiwa amebeba gunia la ufuta begani.

Miaka ile yote baada ya chuo, Garam alikuwa hana kazi nyingine isipokuwa kutafuta kazi. Alikaa Seoul kwenye chumba cha kupanga ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, akila wali wa kwenye kikombe akiwa amesimama barabarani, pamoja na maelfu ya vijana wenzake waliokuwa wakikariri vitabu vilevile. Alishindwa, akarudi, akashindwa tena. Mwisho akarudi nyumbani kabisa, akajifungia ghorofani kwa mama yake na vitabu vyake, huku chini mashine zikinguruma na vumbi la pilipili likimpigisha chafya kila ukurasa. Kazi za mashirika ya umma ndizo kila mzazi alizitaka, kwa sababu ukishaingia hufukuzwi ovyo, na mshahara haukosi. Lakini nafasi huwa moja au mbili, na waombaji wanatosha kujaza uwanja wa shule. Kuna mchujo wa kwanza wa maombi, wa pili wa mtihani, na wa tatu wa usaili. Kila unapovuka mmoja, ujumbe unaingia kwenye simu: hongera, umepita.

Asubuhi ile ujumbe ulioingia ulikuwa wa mtihani. Garam alikuwa hajawahi kuvuka mtihani hata mara moja. Gunia lilimponyoka, ufuta ukamwagika sakafuni, naye akapiga kelele, "Mama! Nimepita!"

Mama Garam alitoka nyuma ya jiko la mvuke, mikono imejaa unga wa mchele mpaka viwikoni. Alimtazama mwanawe, akautazama ufuta uliomwagika, kisha akafanya jambo ambalo Garam hakuwahi kumwona akilifanya tangu baba yake afariki. Alicheza. Alicheza pale pale juu ya ufuta, kwa mabuti yake ya mpira, akimpaka mwanawe unga shingoni na mashavuni.

"Amepita! Mwanangu amepita! Jamani, mgongo wangu! Sasa hata ukiniuma, utaniuma kwa raha!"

Garam alitaka kusema, bado usaili, Mama. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Lakini ukimwona mama yako anacheza hivyo, utayatoaje? Akajiambia, nitamwambia jioni. Jioni ilipofika, Mama alikuwa ameshaloweka mchele, na alfajiri yake masinia ya keki za mchele zenye maharage mekundu yalikuwa yanatoka mvuke, yanakatwa, yanafungwa, yanagawiwa kibanda kwa kibanda. Huko ndivyo furaha inavyotangazwa. Ukishakula keki ya mtu, umeshakubali habari yake.

"Kumbe kichwani mwako mlikuwa na kitu!" alisema Mama Hanbit, muuza samaki, akitafuna. "Mimi nilidhani unalala tu huko juu kama paka wa kinu. Haya, nina mpwa wangu wa kike yuko benki, hajaolewa. Mzuri, mrefu, hana maneno mengi. Nikupe namba umpigie?"

"Bado, shangazi, tusubiri kidogo."

"Usubiri nini? Umesubiri mpaka nywele zinaanza kuaga."

Watu walicheka, na Garam akacheka nao. Alikuwa ameonja utamu ambao hakuwa ameuonja kwa miaka. Miaka hiyo akipita sokoni, watu walikuwa wakiinamisha macho kwenye bidhaa zao kwa huruma, wakijifanya hawakumwona ili asilazimike kujibu "unafanya nini siku hizi?" Sasa walimwita kwa jina. Akajiambia, usaili ni baada ya wiki mbili tu. Nikipita, hakuna atakayejua kulikuwa na hatua nyingine. Uongo wenyewe utageuka kuwa kweli.

Keki zingeweza kusahaulika. Lakini mwenyekiti wa soko, Mzee Nam, muuza vyungu, hakuwa mtu wa kuacha jambo kubwa lipite bila kitambaa. Siku ya gulio iliyofuata, Garam alirudi kutoka maktaba akakuta ngazi mbili, wanaume wanne, na jina lake likipanda angani.

"Nyoosha kushoto! Kushoto kwako wewe, siyo kwangu!" Mzee Nam alikuwa akifoka. Alipomwona Garam alimshika mabega. "Umeona? Tumechanga wote. Unajua yule mchapishaji mpumbavu alitaka kufanya nini? Alitaka aandike jina lako kwa wino mwekundu, eti lionekane vizuri. Nikamwambia, wewe una wazimu? Jina la mtu aliye hai kwa wino mwekundu, kama la marehemu? Unataka tumzike kijana wetu kabla hajavaa hata kitambulisho cha kazi? Nikamwamuru atumie buluu. Rangi ya maji. Au siyo?"

"Asante, mzee," Garam alisema, akainama mpaka kiuno. Aliinama muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, kwa sababu hakujua atainuka na uso gani.

Basi akaenda kwenye usaili. Ukumbi wa kusubiri ulijaa vijana waliovaa suti nyeusi zinazofanana, nywele zimechanwa zikafunua paji la uso vilevile, utadhani wamemwagwa kutoka kwenye ndoo moja. Kila mmoja alipewa namba ya kubandika kifuani, maana majina, vyuo na wazazi havikuruhusiwa kutajwa. Waliingia watatu watatu. Garam aliketi wa mwisho upande wa kulia, viganja juu ya magoti.

Msaili wa katikati, mama mmoja mwenye miwani, akauliza swali jepesi kabisa. "Kila mmoja atueleze wakati mmoja alipokosea, na jinsi alivyowaambia wenzake ukweli."

Kijana wa kwanza akasema jeshini aliunguza wali wa kikosi kizima, akakiri mbele ya wote. Msichana wa pili akasema kwenye kikundi cha chuo alipoteza takwimu, akakiri usiku uleule. Majibu yalikuwa yamenyooka, yamekaririwa. Garam naye alikuwa na lake, na lilikuwa la wali wa jeshini pia, kwa sababu wote walikuwa wamejifunza kwenye madarasa yaleyale. Likamkauka. Badala yake akaona bango.

"Mimi..." alisema. "Mimi ni mtu ninayesema ukweli hata..." Masikio yakamwaka moto. Wasaili watatu walingoja. "Hata ukiwa..." Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Naomba radhi," na hakuna aliyejua anaomba radhi ya nini. Yule mama mwenye miwani alimtazama kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko kama angemkaripia.

Ujumbe wa kumkataa ulimkuta kinuni, mbele ya mashine ya kukamua ufuta. Ulikuwa mfupi na wa heshima. Aliufuta, akaendelea kukamua.

Na hapo ndipo aibu ilipoanza kula chakula pamoja naye.

"Unaanza lini?" watu waliuliza.

"Baada ya sikukuu ya mavuno," alijibu. Huo sasa haukuwa ukimya tena. Ulikuwa uongo wenye miguu miwili, alioutuma mwenyewe utembee.

Nao ulitembea. Kinyozi alikuja kumlalamikia kuhusu mfereji unaonuka nyuma ya duka. Mama Hanbit alimletea bili ya maji, akiigonga kwa kidole kilichojaa magamba ya samaki. "Hawa wenzako wananionea. Waambie." Bibi Ulmi, kikongwe aliyeteremka kutoka mlimani kila gulio na pilipili zake mgongoni, akaanza kumwita Bwana Maji. "Bwana Maji, kisima changu kina ladha ya chuma. Utakuja lini?" Garam akajibu atakuja, bibi. Alijibu kila mtu hivyo. Alipolala, aliota mabomba.

Lakini kilichomkata maini zaidi kilikuwa kitu kidogo. Mama yake alikuwa na tabia ya kutembea kando ya ukuta sokoni, mabega yameinama, kama mtu anayeogopa kumwagia wengine maji. Siku hizi alitembea katikati ya njia. Alisalimia kwa sauti. Alibishana bei. Akipita chini ya bango alipunguza mwendo, akainua uso, akasoma lote toka mwanzo hadi mwisho, kama vile labda wamebadilisha neno tangu asubuhi. Garam alimwona kutoka dirishani kila siku, na kila siku alirudi nyuma ya pazia.

Ndiyo maana aliiombea tufani.

Ikaja. Ilivuma toka jioni, ikapiga madirisha, ikazima taa. Garam alilala akiisikiliza kwa matumaini, na kulipokucha akakimbilia dirishani. Bati la Mama Hanbit lilikuwa limeng'oka likalala mtoni. Kioo cha kinyozi, pamoja na utepe wake wote, vipande. Viti vya plastiki vya soko zima vilikuwa vimekusanyana kwenye kona moja kama vinaogopa. Na kwenye lango, kati ya nguzo mbili za taa, bango lilikuwa pale pale, limelowa, limenyooka, jina lake limeoshwa likang'aa. Kona moja tu ya chini ilikuwa imefunguka, ikipunga.

Watu walikusanyika chini yake wakishangaa.

"Fundo langu hilo!" Mzee Nam alijipiga kifua. "Nilikuwa kikosi cha madaraja, mimi! Nilifunga daraja likapitisha vifaru!"

"Siyo fundo lako, mzee," alisema Mama Hanbit, ambaye hakuwa na paa lakini alikuwa na maneno. "Kijana ana nyota. Upepo wenyewe umemwogopa afisa."

"Mama Garam, njoo uone! Mwanao hata tufani haimwezi!"

Mama Garam alikuja na ungo wa pilipili mkononi, akasimama, akaanza kulia kwa furaha, bila sauti, akijifuta kwa nyuma ya kiganja kisichokuwa na pilipili.

Garam alishuka ngazi za nyumba. Hakuwa amepanga. Alichukua ngazi ya kinu, ile ya kufikia mkanda wa mashine, akaibeba mpaka langoni, akaiegemeza kwenye nguzo.

"Anaenda kufunga ile kona," Mzee Nam alisema kwa fahari. "Mtu wa serikali huyo, hawezi kuona kitu kimelegea. Panda, kijana, nakushikia."

Garam akapanda. Mzee Nam alishikilia ngazi kwa mikono miwili. Fundo la kwanza kweli lilikuwa la daraja. Ukucha ulimkatika, lakini akalifungua. Nusu ya bango ikaanguka, ikamfunika Mzee Nam kichwani.

"Wee! Unafanya nini? Umefungua!"

"Mzee, nisamehe."

"Unisamehe nini? Lifunge!"

"Sikupata kazi," Garam alisema.

Aliisema kwa sauti ya chini, akaona watu wanatazamana, akajua itabidi aiseme tena. Hiyo mara ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. "Sikupata. Nilipita mtihani tu. Kulikuwa na usaili, na nilijua. Mlipokula keki, nilijua. Mlipotundika hili, nilijua. Nimeshindwa usaili tangu mwezi uliopita. Hakuna kazi ninayoanza baada ya sikukuu."

Mzee Nam alijitoa kwenye kitambaa polepole, nywele zimesimama. Kinyozi akatazama viatu vyake. Hata Mama Hanbit alikosa neno, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea katika historia ya soko hilo. Garam alikuwa juu ya ngazi na hakuwa na mahali pa kuweka uso, kwa sababu kila upande kulikuwa na mtu anayemjua tangu akiwa anavaa nepi.

Hakuthubutu kumtazama mama yake. Alisikia tu ungo ukiwekwa chini, halafu mabuti ya mpira yakiondoka. Yalikwenda kando ya ukuta.

"Shuka," Mzee Nam alisema hatimaye. "Shuka kabla hujaanguka. Nimechoka kushika." Na baada ya muda, kwa uchungu, "Fundo zuri namna ile."

Mchana ule Mama Garam alivaa koti lake la msibani, akaenda kibanda kwa kibanda. Garam alimfuata nyuma, hatua chache, kwa sababu mama hakumwambia aje wala hakumwambia asije. Kila kibanda mama yake aliinama akasema maneno yaleyale. "Tuliwasumbua. Tuliwachangisha bure. Nisameheni, sikumlea vizuri." Kila aliposema hivyo, Garam aliinama chini zaidi yake, na kila mara alitamani ardhi ya soko la Samgye iwe laini.

"Mama Garam, keki tumeshakula," alisema Mama Hanbit. "Unataka tuitapike? Ilikuwa tamu. Nenda kapumzike." Kisha akamgeukia Garam, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Na wewe. Mpwa wangu nilishamwambia."

"Nisamehe, shangazi."

"Utapandisha hili bati langu. Leo."

Akalipandisha. Alipomaliza akaenda kuzoa vioo vya kinyozi, hakuna aliyemwomba, na kinyozi hakumzuia wala hakumshukuru.

Mama yake hakusema naye siku ile, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Wali aliwekewa, mchuzi aliwekewa, maneno hapana. Mashine ziliongea kwa niaba yao. Vitabu vyake vilibaki ghorofani vikikusanya vumbi jekundu, na hakuna aliyetaja mtihani wa mwaka ujao, yeye mwenyewe hasa. Asubuhi alishuka, akawasha mashine, akasaga pilipili za watu bila kuinua uso.

Jua lilirudi kali baada ya tufani, na kila mtu mjini alikuwa akitafuta kitu cha kutandaza chini aanike pilipili zilizolowa kabla hazijaoza. Maturubai yalikuwa yamechanika yote. Siku ya gulio Bibi Ulmi aliteremka na gunia mgongoni, akaliona bango limekunjwa nyuma ya mlango wa kinu.

"Bwana Maji," alisema. Hakuwa akidhihaki. Alikuwa ameshazoea tu, na katika umri ule mtu habadilishi jina ovyo. "Kile kitambaa kinafanya kazi gani?"

"Hakina kazi, bibi."

"Basi kipe kazi."

Garam alilitandaza bango uani nyuma ya kinu. Hakuwa na namna ya kulikunja jina. Lilipolala chini lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, PYO GARAM, buluu kwenye nyeupe, kila herufi kama mtoto amelala. Alitaka kuligeuza, lakini nyuma kulikuwa na tope. Akamwaga pilipili za Bibi Ulmi haraka haraka juu yake, na za majirani wengine, akazisambaza kwa reki mpaka neno HONGERA likafunikwa, likafunikwa SHIRIKA LA MAJI, na mwisho jina lake lote. Akaona afadhali. Akarudi ndani kwenye mashine.

Baadaye alitoka kuchukua maji, akasimama mlangoni.

Mama yake alikuwa uani, amepiga magoti kwenye ukingo wa kitambaa. Pilipili zilizolowa zilikuwa zimeanza kutoa rangi, na chini yake nyeupe iligeuka kuwa ya waridi. Mama Garam alikuwa akizisukuma kwa viganja, kidogo kidogo, toka pale katikati, akizipanga pembeni. Aliokota moja moja zilizobaki kwenye mstari wa herufi. Alilowesha pindo la aproni yake kwa mate, akasugua doa jekundu lililokuwa limegusa herufi ya mwisho, akasugua tena, mpaka buluu ikarudi.

Garam alibaki na ndoo mkononi. Alitaka kusema jambo, na safari hii pia maneno yalifika mpaka kwenye meno.

Mama yake hakugeuka. "Umeziweka nene," alisema. "Zitaoza. Leta reki."

Akaenda kuleta reki. Walizisambaza pilipili pamoja mpaka jua likapita juu ya paa, na walipofika pale katikati, wote wawili walilizunguka jina.